Nyegere Alivyomkagulia Kindi Nyumba
— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa nyumba!
— Ina mlango!
— Una komeo?
— Halifungi!
— Basi asisinzie mtu, maana hata mimi roho haijatulia. Sogeeni nimalize upesi.

Hapo kale palikuwa na kichuguu kikubwa kando ya shamba la karanga. Upande wa mawio alikaa Nyegere, upande wa machweo alikaa Kindi na watoto wake watatu. Nyegere alikuwa na kucha kama majembe na tumbo lisilojua kutosheka. Ghala lake lilijaa asali na mihogo mikavu, lakini cha jirani ndicho kilichomnogea. Mara mbili alivunja nyumba ya Kindi akabeba karanga. Kindi alizijua zile kucha, ila angemfanya nini? Sasa masika yamekaribia, na kimebaki kikapu kimoja tu. Kikienda hicho, watoto watakufa njaa.

Kindi akakaa, akasimama. Akachungulia nje, akarudi. Akazigusa karanga, akazifunika, akazifunua tena.

"Mama, tulia basi," watoto wakamwambia.

"Nitatuliaje, wanangu? Nikifumba macho tu nasikia kucha."

Asubuhi akaenda kwa Nyegere.

"Hodi, mzee!"

"Karibu, jirani. Mbona umekonda?"

"Kuna mwizi, mzee. Na hapa petu fundi wa kuchimba ni wewe. Njoo unikagulie nyumba, unionyeshe mwizi anaweza kupita wapi."

"Mwizi? Hapa petu?" Nyegere akajishika kifua ili asicheke. "Haya, twende."

Wakafika mlangoni. Kindi akauliza, "Hapa je, mzee, atapita?"

"Hapa? Atapita!" Kwaru-kwaru-kwaru! Mlango chini. Kindi akaleta mawe, akakandika udongo, pa-pa-pa!

Wakafika kwenye tundu la hewa. "Hapa je, mzee, atapita?"

"Hapa? Atapita!" Kwaru-kwaru-kwaru! Kindi akakandika udongo, pa-pa-pa!

Wakafika sakafuni. "Hapa je, mzee, atapita?"

"Hapa? Atapita!" Kwaru-kwaru-kwaru! Pa-pa-pa!

Wakafika ukuta wa nyuma. "Hapa je, mzee?"

"Aa, hapa pako imara. Usijisumbue kabisa." Nyegere akapangusa kucha zake, akaenda zake akipiga mluzi.

Kindi akabaki amesimama. Mlango ameuparua. Tundu ameliparua. Sakafu ameiparua. Ukuta wa nyuma hata kuugusa hakuugusa! "Basi atapita hapa," akasema, na moyo ukamwenda mbio. Akaogopa, akafurahi, akaogopa tena.

Siku tatu Kindi na watoto wake walichimba. Mbele ya karanga wakajenga ukuta mwingine wa mawe. Kisha kuanzia ule ukuta wa nyuma wakachimba njia nyembamba, ikapinda, ikapinda tena, ikaishia nyuma ya ghala la Nyegere mwenyewe. Hapo wakabakiza udongo mwembamba kama ukoko wa wali.

Siku ya nne Kindi akapaza sauti: "Wanangu, twendeni shambani! Tutarudi jioni!"

Nyegere akasikia. Hakungoja hata wafike mbali. Kwaru-kwaru-kwaru! Ukuta wa nyuma ukatoboka. Akajipenyeza, giza totoro. Akapinda, akapinda tena. Kwaru! Udongo ukavunjika, akatumbukia puu!

"Lo! Kumbe Kindi ana asali! Nami siku zote namwonea huruma!" Akala asali, nyam-nyam-nyam. "Na mihogo! Tena kama yangu! Huyu lazima ameiba!" Akala mihogo kwa hasira, nyam-nyam-nyam.

Mtaniuliza, hakujua kwamba ni kwake? Na mimi nawauliza, nani huingia ghalani mwake kwa kutoboa ukuta? Msinikatize.

Akala mpaka tumbo likalia ndii. Alichoshindwa kula akakikojolea, ili Kindi asikute kitu. Akatoka kwa njia ile ile, akazunguka kichuguu, akaingia kwake. Akafungua ghala.

Tupu! Tena linanuka!

"Uwiii! Nimeibiwa! Jamani, mwizi!"

Majirani wakaja mbio. Kobe, aliyefika wa mwisho, akachungulia lile tundu. "Mwizi huyu ana kucha ndefu," akasema. "Na alikula asali nyingi." Akageuka kumtazama Nyegere. Wote wakamtazama Nyegere. Asali ilikuwa ikimdondoka kidevuni, to, to, to.

Nyegere akatazama nyayo zilizotoka tunduni, akatazama miguu yake.

Jioni hiyo hiyo mvua ya masika ikaanza. Upande wa machweo watoto wa Kindi wakamenya karanga, ka, ka, ka, na mama yao akalala usingizi mzito. Upande wa mawio Nyegere akakaa, akasimama. Akatega sikio ukutani. Ka, ka, ka! Akakaa, akasimama, masika yote.

Na funzo lake? Msihangaike na makufuli, wanangu. Mkaribisheni mwizi, mumpe na kiti. Nani atawapendeni kama yeye, anayeijua nyumba yenu kuliko nyinyi?

— Siyo hivyo, bibi!
— Nyie mlikuwapo? Hadithi yangu imefika ukingoni. Kweli yake gawaneni, uongo wake nirudishieni, nina kazi nao.