Ufagio Uliogoma Kuhama

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akalale kwao. Palikuwa na nyumba ya wapangaji wengi, mmoja wao zimwi, na ua mmoja. Mwenye zamu alifagia ua, kisha akauegemeza ufagio mlangoni kwa jirani anayefuata.

Bi Sikudhani akafagia, akauegemeza kwa jirani yake Mwanakombo. Asubuhi, ufagio umerudi mlangoni kwake mwenyewe! "Mvivu huyu Mwanakombo!" Akafagia tena, akauegemeza tena. Asubuhi, uko kwake! "Basi ni zimwi la chumba cha mwisho. Meno yale hayana heri." Akafagia mara ya tatu, ufagio ukarudi. Akaushika, akaenda kugonga kwa zimwi.

"Ndiwe unayenirudishia ufagio!"

"Mimi, Bi mkubwa? Ufagio si huo mkononi mwako? Na useme wenyewe."

Ufagio ukasema: "Sirudishwi na mtu. Mimi huhama kazi ikiisha. Na zile taka unazozisukumia nyuma ya pipa la maji?"

Bi Sikudhani akaenda akazizoa zote. Asubuhi akafungua mlango: ufagio haupo.

Akawatazama majirani mmoja mmoja. "Haya, nani kauiba?"

Hadithi nimeiegemeza mlangoni kwako. Zamu yako hiyo.