Kalamu Ikilala, Sikio Huamka

"Kalamu ikilala, sikio huamka." Wajukuu zangu, mmeusikia msemo huu leo mkadhani ni wa kuwatetea wavivu. Sivyo hata kidogo. Tulieni niwape chimbuko lake.

Katika chuo kikuu kimoja palikuwa na kituo cha uandishi, chumba ambamo wanafunzi walipeleka insha zao zitazamwe kabla hazijafika kwa mhadhiri. Mshauri wao aliitwa Sikudhani, dada mwenye mkono mwepesi kuliko kinyozi. Ukimpa insha, hujakaa vizuri kitini kalamu yake imeshaipita. Alikata, akaunga, akapamba, na wanafunzi wakamshukuru. Naye, tuseme kweli, alipenda kushukuriwa.

Siku moja akaja Kabula, binti mpole wa Kisukuma, na insha juu ya maji ya kwao. Sikudhani akaitengeneza ikang'aa. Baada ya siku chache Kabula akarudi, macho mekundu.

"Dada, mhadhiri anasema hii si kazi yangu. Kaniuliza maana ya sentensi moja, nikababaika. Nisipopeleka niliyoandika mwenyewe, nitafukuzwa chuo."

Sentensi ile ilikuwa ya Sikudhani. Aliona aibu, na hofu ikamshika. "Kwa mhadhiri tutakwenda wote, nitakiri mimi," alisema. Mkono wake ukaifuata kalamu kwa mazoea, kisha ukasita. Akaitia mkobani.

"Hebu niambie tu, mdogo wangu. Kwenu maji mnayapataje?"

Kabula alianza kwa kusitasita. Kiangazi mto hukauka, wanawake wakachimba visima mchangani.

"Na anayechimba hanywi kwanza, dada. Humwita aliyekosana naye. Mama na shangazi waligombana hata wakawa hawazikani. Mwaka wa ukame mama alichimba kutwa, vidole vikachubuka. Maji yalipotoka aliyatazama tu, midomo imemkauka. Kisha akanituma nikamwite shangazi. Walinywa kwa kibuyu kimoja. Hawakusemezana, lakini shangazi alilia."

Sikudhani alisisimka mwili mzima. Alikuwa amesoma insha nyingi, lakini hajapata kusikia jambo kama hilo. Na binti huyu alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile, na habari hii kifuani, yeye asimuulize.

"Mbona hayo hukuyaandika?"

"Hayo? Hayo ni ya nyumbani tu, dada. Si ya chuo."

"Yaandike kama ulivyoniambia."

Kabula akaandika palepale. Kila alipokwama, Sikudhani alimuuliza, "Halafu?" Basi. Hakuongeza neno.

Wakaenda kwa mhadhiri. Sikudhani akakiri kosa lake. Mhadhiri akasoma, akamgeukia Kabula.

"Kwa nini aitwe mgomvi wako kwanza?"

Safari hii Kabula hakubabaika. "Kwa sababu kisima cha mchanga hujifukia usiku, mwalimu. Kesho utaihitaji mikono yake."

Mhadhiri akavua miwani. "Sasa nimekusikia," akasema, na insha akaipokea.

Tangu hapo Sikudhani aliwapokea wanafunzi mikono mitupu. Wapya walimshangaa: mshauri gani huyu asiye na kalamu? Wakubwa wao wakawajibu kwa maneno ambayo leo yamewafikia na nyinyi: kalamu ikilala, sikio huamka.