Kigoda Kilichoinama Kushoto

Zamani, wajukuu zangu, zamani ambayo hata babu yangu aliisikia kwa babu yake, kule milima ya Ugweno palikuwa na mvukutaji aitwaye Kibacha. Kibacha mwana wa Mchome. Lishikeni jina, nitawauliza.

Kazi yake ilikuwa kuvukuta moto wa mhunzi Senkoro, na mvukutaji huvukuta amechuchumaa. Siku moja jiwe likamponda goti. Goti likapona, likakataa kukunjika.

"Mzee Senkoro," akasema, "nipe gogo nikalie. Mikono yangu mizima."

"Haiwezekani. Kiwandani anayekaa ni mhunzi peke yake."

Kweli, Senkoro alikaa. Alikalia kigoda cha urithi, ameinama kushoto, kama baba yake alivyoinama. Kuinama huko waliita heshima ya ufundi.

Kibacha akapewa dawa ya kuchua. Goti halikukunjika. Akaambiwa avukute amesimama. Viriba vya kuvukutia viko chini, jamani. Avivukute kwa kisigino? Wakaitwa wazee waamue kama gogo nalo ni kigoda. Siku nne, wanangu, siku nne nzima!

"Gogo lina miguu?"

"Halina."

"Basi si kigoda."

"Na likikaliwa?"

"Mh! Hapo sasa."

Kibacha akasikiliza mpaka kichwa kikamuuma kuliko goti. Mvua zilikaribia, majembe hayajafuliwa, na Senkoro alikwisha sema: kesho asipochuchumaa, nafasi yake anapewa mwingine. Kazi nyingine Kibacha hakuijua.

Siku ya tano Namkunda, mama yake Senkoro, akaleta uji. Akawasikiliza. Akatua chungu.

"Mwanangu, kigoda hicho kilichongwa kwa nini?"

"Kwa heshima, mama."

"Heshima! Babu yako Mbonea alivunjwa nyonga na nyati, hakuweza kuchuchumaa. Wakamchongea kigoda, wakakipunguza mguu wa kushoto ili nyonga ipumzike. Ninyi wazima mnakaa upogo miaka yote, mnajiita mafundi!"

Wazee wakatazama uji. Senkoro akajishika kiuno. Kilimuuma tangu siku aliyorithi kigoda.

"Kibacha," akasema polepole, "gogo ulilitaka la namna gani?"

"Lililo sawa, mzee. Siku ya tano leo nasema."

"Haya. Leteni mawili."

Basi, wanangu, mtu akikuambia desturi haibadiliki, muulize kwanza ilianzia kwenye maumivu ya nani. Nilipokipokea kisa ndipo nakitua. Atakayekibeba asiyapoteze majina.