Kwa Nini Kifli cha Jozi Kina Midomo Miwili Wazi

Sogeeni karibu, na mwenye unga mikononi aje nao hivyo hivyo, hadithi haichafuki. Leo twendeni mbali, huko Ulaya, nchi ya Hungaria, kwa watu wasio na bahari wala mnazi. Wao Mungu amewapa mti uitwao mjozi. Tunda lake lina gamba gumu la kubangua kama korosho, na ndani mna kokwa iliyokunjamana kama uso wa bibi kizee. Hiyo ndiyo jozi. Wanawake wa huko huitwanga, wakaitia sukari, wakaifungia ndani ya donge la unga na siagi, wakaoka. Mkate huo mdogo huuita kifli. Mmeliona umbo lake: limepinda kama mwezi mwandamo, na ncha zake mbili ziko wazi, unaona jozi inakuchungulia.

Haukuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani za kale kifli kilikuwa cha mviringo kama jozi yenyewe, kimebanwa pande zote, hakina pa kuchungulia. Kilichomo ndani alikijua mpishi na Mungu wake. Na wanawake walipenda iwe hivyo, kwa kuwa kila nyumba ina siku zake.

Basi katika kijiji kimoja chini ya kilima palikuwa na mjane, jina lake Borbala, na binti yake wa pekee, Ilka. Uani mwao ulisimama mjozi ambao marehemu mumewe aliupanda siku Ilka alipozaliwa. Mtoto alikua na mti ukakua, hadi mtoto akaposwa na kijana Balint wa upande wa pili wa kilima, na harusi ikapangwa baada ya mavuno.

Watu hao walikuwa na mila yao. Siku ya harusi majirani wote wa bibi harusi huoka kifli, kila mmoja kikapu chake, kumsaidia mama mtu. Kisha bibi mkubwa wa upande wa bwana harusi huchukua kimoja, akakiuma mbele ya watu. Akikuta jozi, binti hupandishwa gari la farasi kwa nyimbo. Asipoikuta, gari hurudi tupu. Walisema, "Nyumba isiyo na jozi haina mzizi, nasi hatubebi mti usio na mzizi." Na bibi yake Balint, Bibi Agota, alisifika vijiji vyote kwa ulimi usiokosa kitu, katika kuonja na katika kusema.

Mwaka ule mijozi ilipokuwa katika maua, ilishuka sakitu, ule umande unaoganda kwa baridi, na asubuhi maua yote ya Borbala yalikuwa meusi kama yaliyopitiwa na moto. Mavuno yalipofika alichukua mti mrefu akayapiga matawi yote, la juu na la chini. Alichokipata hakikujaza pembe ya aproni yake.

Angeweza kuomba. Ng'ambo ya ua wake alikaa Margit, mke wa msaga nafaka, mwenye mijozi mingi nyuma ya nyumba. Lakini Margit ndiye aliyetangulia kuuliza, ameegemea ua kama kawaida yake.

"Mama Ilka, jozi za mwaka huu vipi?"

"Tele, jirani. Sijui hata nitaziweka wapi. Zako?"

"Usiniulize. Mikono imeota sugu kwa kubangua."

Wakacheka, kila mmoja akaingia kwake. Na kutwa nzima Borbala akausikia mchi wa Margit ukigonga kinuni, ndu, ndu, ndu, na kila pigo likamwingia moyoni. Akasema peke yake, "Wenzangu wanazo. Mimi ndiye niliyesahauliwa."

Ilipofika zamu ya kuoka alikanda unga wake kwa siagi na malai yaliyochacha, akauteremsha chini ya nyumba kwenye baridi upumzike, maana unga ule usipopumzika hukukatikia mkononi. Halafu akachukua mkate uliokauka, akaukaanga hadi ukawa wa kahawia, akautwanga na sukari na ganda la limau, akadondoshea asali. Kwa macho, ungesema jozi.

Ilka akaingia jikoni. "Mama, mbona pananuka mkate?"

"Panapikwa jozi, mwanangu. Pua yako iko kwa Balint, itajuaje?"

Zile jozi chache za kweli alizitia katika vifli vichache, akavipanga juu kabisa kikapuni. Chini yake viliwekwa vya chenga za mkate. Aliwaza: bibi mkubwa atachukua cha juu, ataridhika, wengine watakula wakiwa wamekwisha kunywa mvinyo, hawatatambua.

Siku ya harusi meza ilipangwa uani, chini ya mti ule ule, na katikati likawekwa sinia kubwa la mbao. Margit alikuwa amejifunga kibwebwe, anapokea vikapu vya majirani. Kabla Borbala hajafungua kinywa, Margit alikipokea kikapu chake. "Lete nikupunguzie mzigo, mama wa harusi usichoke bure." Akakipindua chote siniani. Vya juu vikaenda chini, na juu yake vikamiminwa vya watu wengine, vyote mviringo, vyote vimebanwa, vyote sawasawa. Borbala alinyoosha mkono ukabaki hewani.

Bibi Agota akasogezwa mbele. Farasi walikuwa wamekwisha kufungwa kwenye gari, nyimbo zikanyamaza. Akachukua kifli, akakiuma, akatafuna polepole, akaacha kutafuna.

"Meno yangu ni machache," akasema, "lakini jozi yanaijua. Hiki ni cha nani?"

Macho ya wageni yakamwendea Margit, kwa kuwa ndiye aliyesimama karibu na sinia, naye uso ulikuwa umemwiva hadi masikioni. Borbala aliona njia imefunguka. Akinyamaza tu, aibu itapita kwa jirani, bibi ataonja kingine, na Ilka atapanda gari. Akamtazama binti yake katika shela lake. Akamtazama Margit, mwanamke aliyempikia uji wiki nzima mumewe alipofariki.

"Ni changu," akasema. "Nilitia mkate. Mti wangu haukuzaa."

Ilka akainamisha kichwa. Balint akamshika mkono, hakuuachia.

"Hapana," Margit akasema. "Usinibebee aibu yangu, Mama Ilka. Hicho ni changu."

"Chako vipi, na mchi wako nilikuwa nausikia kutwa?"

"Nilikuwa natwanga mkate. Na wako pia nilikuwa nausikia, nikasema mwenzangu kabarikiwa."

Sauti ikatoka nyuma, ya mke wa fundi viatu. "Basi mkiwa mnakigombania, na changu kimo humo." Na mwingine akasema, "Na changu." Na mwingine. Hadi watu wakaanza kucheka, kwanza kwa kujificha, kisha waziwazi. Kumbe sakitu haikuchagua ua wa mtu. Kila mama alitwanga mkate wake huku akiuonea wivu mchi wa jirani. Waliotangulia walisema, mficha uchi hazai, na kijiji kizima kilikuwa kimejificha.

Lakini Bibi Agota hakucheka. Akaagiza kikapu chake mwenyewe, kile kilicholetwa na upande wa bwana harusi kama zawadi. Akatoa kifli kimoja, akakivunja mbele ya wote. Chenga za mkate zikamwagika mezani.

"Mlidhani baridi ilikomea kilimani?" akasema. "Njia nzima nimekuja nikiomba msikionje mapema."

Hapo hata farasi walishtuka kwa kicheko. Bibi kizee akatia mkono ndani ya sinia hadi chini, akapapasa, akatoa kimoja kizito. Akakivunja, na harufu ya jozi ikaupita upepo. Nusu akampa Borbala, nusu akala mwenyewe, taratibu, hadi chenga ya mwisho.

"Binti huyu nimemchukua," akasema. "Nimeshauona mzizi, umesimama pale umevaa aproni, umesema kweli mbele ya watu. Ila kuuma gizani mimi sitaki tena. Kifli kiachwe wazi, macho yaone kabla ya meno. Mwenye jozi aseme, mwenye mkate aseme, tuchanganye bakuli moja."

Ilka alipokwenda kuoka mara ya kwanza kwa mavyaa wake, mama yake alimfuata kumwonyesha. Walisukuma unga mwembamba, wakatandaza jozi na chenga, wakaukunja kama mkeka, wakaacha ncha bila kuzibana. Lakini kilichonyooka kilimwaga vilivyomo upande huu na huu. Borbala akakishika, akakipinda kidogo, ncha moja ikaitazama nyenzake kama majirani wawili wanaosemezana kwenye ua. Kikatulia, hakikumwaga kitu.

Na tangu siku hiyo kifli cha jozi kimepinda, na midomo yake miwili haizibwi. Hata miaka ya neema, wakati mijozi imezaa hadi matawi yanagusa chini, wanawake wa huko hawaachi kutia chenga za mkate katika jozi zao, na kabla ya kutwanga huulizana uani wamepata kiasi gani, na huambiana kweli. Na wakimkuta mwali mgeni anabana ncha za kifli chake kwa vidole, hawamkemei. Humkaribia wakamwuliza polepole, "Mwanangu, sakitu imepita kwako mwaka huu?" Kisha hunyanyua aproni zao, wakaenda kumletea jozi.