Kwa Nini Seli Husokota Kamba Kabla ya Kugawanyika

“Na mimi niishi kwa kitu gani?”

Siti aliuliza hivyo mbele ya wazee wote wa baraza. Mmoja alikohoa. Mwingine akatazama maji.

Zama hizo hapakuwa na mwili duniani, si wa mtu, si wa samaki. Palikuwa na maji, na ndani ya maji waliishi seli, wadogo kupita chembe ya unga, kila mmoja peke yake ndani ya ngozi yake. Katikati ya kila seli palikaa kamba ya nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, yenye rangi mwanzo hadi mwisho, na rangi hizo ndizo zilizomfundisha mwenyewe jinsi ya kuishi: sukari inageuzwaje nguvu, ngozi ikichanika inazibwaje. Asiye na kamba hakujua lolote.

Seli hula kupitia ngozi. Akinenepa kupita kiasi, chakula hakifiki katikati. Pembeni wanashiba, katikati wanakufa njaa. (Msiniambie hamjaona nchi za namna hiyo.) Hapo hulazimika kugawanyika. Wala hafi, wala habaki: yeye mwenyewe hugeuka mabinti wawili. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Bi Mize. Kiuno chake kilishaanza kubonyea, upande mmoja Raya, binti wa kwanza, upande wa pili Siti, na wote wawili walishajua kusema.

Sasa sikilizeni mila yenyewe. Kamba ilikuwa ya binti wa kwanza, yote. Wa pili alipewa maji na kipande cha ngozi, akaambiwa Mungu atampa. Hakupewa. Alielea kidogo, akapasuka, na wazee wakasema ni kudra. Kudra! Mtu umemnyima mlango, halafu unamlaumu kwa kutoingia ndani.

“Siti mwanangu, usitutie aibu,” alisema Mzee Makame, mkubwa wa baraza. “Bibi zako wote waligawanywa hivi hivi.”

“Waliopata kamba ndio waliobaki kuitwa bibi, babu,” Siti akamjibu. “Wale wengine unawakumbuka majina?”

Raya akacheka, kisha akajizuia, kwa sababu lilikuwa si jambo la kucheka.

Bi Mize akatangaza kwamba hagawanyiki. Mzee Makame akapandisha sauti: “Haya, ikate! Kila mmoja nusu. Si haki mnaitaka?” Jirani yao, Bi Time, ambaye naye zamu yake ilifika, akaona hilo ni neno la busara, akaikata kamba yake katikati. Binti mmoja akaondoka anajua kupika sukari iwe nguvu lakini hajui kuziba ngozi. Mwenzake anajua kuziba, hajui kupika. Mmoja alivuja hadi akaisha, mwingine akafa njaa ndani ya ngozi isiyo na tundu. Wazee wakatikisa vichwa: “Mmeona matokeo ya usawa?” Nami nauliza, nani aliwaambia kwamba kukata kitu ndiyo usawa?

Bi Mize akaendelea kuvimba, na njaa ikamwingia katikati. Aliishika kamba yake akiipapasa kama anayeiaga, na hapo Siti, aliyekuwa akiitazama muda wote kwa sababu haikuwa yake, akasema, “Mama, penye nyekundu uzi huu, uzi wa pili ni nyeupe. Kila mahali. Penye nyeusi, ng'ambo ni njano. Ukiwa na mmoja unaujua mwenzake. Fumua.”

“Anafumua kamba ya bibi yake!” wazee wakapiga kelele. “Mwendawazimu huyo!”

Bi Mize alifumua. Akaanza nchani, nyuzi zikaachana, na kila uzi ulipoachana alichukua nyuzi alizozitoa kwenye chakula alichokula akausokotea mwenzake mpya, nyekundu kwa nyeupe, nyeusi kwa njano. Alipokosea alirudi nyuma, akatoa, akaweka sawa. Alipomaliza zilikuwa kamba mbili, kamili zote. Akazipanga katikati, akaivuta moja huku na nyingine kule, ndipo akakaza kiuno. Raya akaenda zake mzima. Siti akaenda zake mzima.

Mzee Makame akabaki ameduwaa. “Kumbe siku zote iliwezekana?”

Ndiyo, babu. Siku zote. Wale mabinti wote walikufa kwa uvivu wenu mkauita mila.

Toka hapo mpaka leo hii, hata baada ya seli kukusanyika wakawa miili, seli hakubali kugawanyika kabla hajanenepa vya kutosha, hajasokota kamba ya pili na kuikagua. Wapo wakaidi wanaoruka ukaguzi wakagawanyika ovyo, na hao ndio wanaojaza mwili uvimbe. Lakini wengi hushika sheria ya Bi Mize, na kwa sheria hiyo mtoto hurefuka na goti lililochunika hufunika nyama yake.

Kazi hiyo haiendi haraka, maana hakuna binti anayetolewa mikono mitupu. Basi nakuomba kitu kimoja: kigaga hicho kilicho kwenye goti lako, usikibandue. Chini yake seli wanasokota.