Kitovu cha Mtoto wa Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga na kulima, wazee wa ukoo wa pimbi walikata miti ya kilima kizima wapate mashamba. Mvua ikaja, ikaondoka na udongo. Hawakuhama. Walipanga mawe, ukuta juu ya ukuta, kilima kikawa ngazi za kijani, kisha wakachimba mfereji kutoka mtoni ukapita nyuma ya kila nyumba. Chururu, chururu, usiku na mchana.

Namkunda alizaliwa akiisikia sauti hiyo. Sasa ana kichanga mgongoni, na mfereji mkavu, kwa sababu Kiboko na Kifaru wameuziba kule juu wapate bwawa la kugaagaa. Majirani wakahama mmoja mmoja. Mama yake naye akahama. Namkunda akabaki na mawe, maziwa yakaanza kumkatikia, mtoto analia sauti ndogo, ndogo zaidi, na kila akinyamaza anamtikisa, jamani, amelala tu au?

Akapanda bwawani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba," akasema Kiboko. "Nani huyo? Kifaru, unaona mtu?"

"Naona jiwe lina masikio," akasema Kifaru. Wakacheka mpaka tope likatikisika.

"Ni mimi, Namkunda. Nimejifungua juzi. Naomba maji."

"Hamia bondeni kama mama yako, mjukuu wangu."

Bondeni, na kichanga, kwenye jua lile? Na ile ngazi ya mama, ya viazi vikuu, abaki nayo nani?

"Sikupingi, babu. Ila mila si inasema mzazi hanyimwi maji mpaka kitovu cha mtoto kikauke?"

Nyani na pundamilia waliokuja kunywa wakainua vichwa. Kiboko akawaona.

"Ndiyo mila," akaguna.

"Mimi nakuogopa, babu. Kesho ukisahau sitathubutu kukukumbusha. Liseme wote wasikie."

Kiboko akavimba. "Naapa kwa mto wa babu zangu: maji yatateremka kwa Namkunda, wala sitayaziba, mpaka kitovu cha mwanawe kikauke." Kisha akamnong'oneza Kifaru, "Siku chache tu. Mwache apige mafunda."

Kifaru akasukuma tope kwa pembe. Chu... chururu. Namkunda akateremka mbio sambamba na maji, akanywa, akanywa, na kabla jua halijazama mtoto alikuwa amenyonya, amelala, tumbo kama ngoma.

Kitovu kilipodondoka kingali na unyevu, Namkunda hakukizika mgombani kama wafanyavyo wenzake. Alikifunga kwenye jani, akainua jiwe katikati ya mfereji, akakilaza chini yake.

Haukupita muda mrefu, Kiboko na Kifaru wakashuka.

"Mtoto anarukaruka huyo," akasema Kiboko. "Kitovu kimekauka. Naziba."

"Sijui, babu, naogopa kukuambia uongo. Kipo chini ya jiwe lile. Pima mwenyewe."

Kiboko akapapasa, akatoa jani. Linachuruzika.

"Kimelowa," akasema Kifaru.

"Nimeona kimelowa! Wewe Namkunda, kitakauka lini?"

"Maji yakiacha kupita hapa."

"Basi nayaziba yaache."

"Uliapa huyazibi mpaka kikauke, babu. Na nyani walisikia."

Kifaru akayarudia maneno ya kiapo taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, akakuna pembe. "Mzee," akasema, "twende nyumbani. Tumeliwa."

Wakapanda kilima bila kuagana.

Namkunda akakilaza kitovu mahali pake. Akakaa kwenye ukuta wa mama yake akiangalia bondeni, ambako vumbi jembamba lilikuwa likitembea. Kwa mbali huwezi kujua kama mtu anakuja au anakwenda. Akalitazama mpaka macho yakamuuma. Kisha akashuka kulima ngazi ile ya viazi vikuu, mama asije akakuta pori.

Basi, wanangu, mkubwa akikuzidi nguvu, usipimane naye mabega. Sikiliza neno analoapa, umshike hapo.