Nguzo Nyeupe za Atuganile

Ng'ombe wa Mwakalobo waliingia tena kwenye mahindi ya jirani yake Atuganile, na Mwakalobo alikuja kucheka.

"Weka uzio, mama. Ng'ombe wangu hawajui mipaka."

"Basi nipe zile nguzo nyeupe za plastiki ulizotupa nyuma ya zizi."

"Zilizopinda? Beba zote! Kwangu zinashika waya wa umeme. Kwako zitashika nini, buibui?"

Atuganile alizichimbia, akapitisha waya. Mwakalobo akafungulia ng'ombe makusudi, akasimama kusubiri kichekesho. Ng'ombe walikwenda mbio, wakauona waya, wakafunga breki. Dume lilirudi kinyumenyume hadi likamkanyaga Mwakalobo mguu.

"Uwii! We mama, umeme umeutoa wapi, na nyumbani unawasha kibatari?"

"Ushike, baba, uone ulikotoka."

Mwakalobo alinyoosha kidole, akakirudisha mfukoni. "Waya una shoti kali?"

"Waulize ng'ombe wako."

Asubuhi alipopita na kundi lake, alimkuta Atuganile peku kwenye umande, akianika kanga mbichi juu ya waya uleule.

"Mama, acha! Utakufa!"

"Kwa kamba ya nguo?" Atuganile alibana kanga ya pili. "Huu hauna umeme, baba. Shoti walipigwa kwako mpaka wakakoma. Mimi nilihitaji nguzo tu."

Mwakalobo aliwageukia ng'ombe wake. Walikuwa wamejibanza ng'ambo ya njia, wakizitazama kanga kwa hofu.